Dawa mpya za saratani ya damu iliyorudi: ugonjwa kupungua kwatosha kuzipa kibali?

Mizani: Saratani imerudi, haisikii tena dawa za mwanzo. Inakuja dawa mpya iliyojaribiwa kwa kundi moja tu, bila wa kulinganishwa nao, na ugonjwa umepungua kwa wengi. Ipewe kibali, au tungoje tuone kama watu wanaishi zaidi? Mimi nasema tungoje. Dawa ya Blenrep ilipata kibali Marekani mwaka 2020 kwa kigezo hichohicho cha ugonjwa kupungua, kwa mayeloma, saratani ya seli za plazma za uboho. Mwaka 2022 ikaanza kuondolewa, jaribio la kulinganisha halikuthibitisha ubora wake, na konea za watu, ule utando angavu wa mbele ya jicho, zimeshaumia. Halafu sindano hizi mpya zinalaza watu wodini. Bora vidonge: unameza nyumbani, yamekwisha.

Mfamasia wa Zamu: Yamekwisha? Mkuu, neno hilo linaua. Venetoklaksi, dawa ya lukemia, yaani saratani ya damu, ni kidonge. Kwa lukemia ya limfositi, ile ya polepole, wiki ya kwanza ni miligramu 20 kwa siku, kisha 50, 100, 200, na 400 wiki ya tano. Ukirukia 400, seli zinapasuka kwa mkupuo: potasiamu na fosfeti juu, kalsiamu chini, asidi ya yuriki inaziba figo, moyo unaweza kusimama. Alopurinoli, ya kushusha asidi hiyo, huanza siku 2 au 3 kabla, na maji lita 1.5 hadi 2 kila siku. Dozi ya kwanza ya 20 na ya 50, damu hupimwa kabla, baada ya saa 6 hadi 8, na tena saa 24. Mwenye tezi la sentimita 10 hulazwa wodini. Kwa kidonge!

Bi Uboho: Ratiba hiyo isibebwe kwenye lukemia kali ya mayeloidi, ile ya kasi. Kule ni siku 3: miligramu 100, 200, 400, na seli nyeupe zishushwe kwanza chini ya 25,000 kwa kila maikrolita ya damu.

Mfamasia wa Zamu: Nimeandika "ya limfositi", dada. Soma tena.

Bi Uboho: Nimesoma. Atakayenakili hatasoma.

Mizani: "Linaua" ni tusi zito kwa mtu aliyeuliza jambo la kibali.

Bi Uboho: Basi nijibu la wodini. Teklistamabu, mojawapo ya sindano hizo mpya za mayeloma, hupandishwa 0.06, 0.3, kisha miligramu 1.5 kwa kilo, na mgonjwa hukaa wodini saa 48 kila hatua, kwa sababu homa ya saitokaini, yaani kinga ya mwili kuwaka kupita kiasi, huja hapo. Tosilizumabu, dawa ya kuituliza, miligramu 8 kwa kilo, iwe tayari kabla ya sindano. Jaribio lake lilikuwa la kundi moja, watu 165 waliokwisha kupitia angalau tiba 3. 63 kati ya 100 waliitikia. Hao ungewalinganisha na nani, Mizani? Na wangekungoja?

Shoka: Mfamasia, hujagusa dawa ya fangasi. Akiwa na posakonazoli je?

Mfamasia wa Zamu: Swali zuri. Posakonazoli inazuia ini kuivunja venetoklaksi, kwa hiyo kwenye mayeloidi dozi inakomea miligramu 70. Ukiacha 400, neutrofili, seli nyeupe za kinga, zinabaki chini kwa wiki kadhaa na watu wanadhani uboho umeshindwa.

Shoka: Posakonazoli ikisimamishwa, unarudi 400 siku hiyohiyo?

Mfamasia wa Zamu: Hapana. Ngoja siku 2 hadi 3, iishe mwilini kwanza.