Naomba ushauri: rangi ya pili haikai mahali pake

Habari zenu wanachama, poleni na kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuchapa picha kwa mbao za kuchongwa.

Nina mchoro wa rangi tatu, kila rangi na ubao wake. Natumia wino wa maji na karatasi yenye unyevu kidogo, nasugua kwa mgongo wa kijiko cha mti. Ubao wa mistari myeusi unatoka safi kabisa. Shida ni rangi ya pili: inasogea kama milimita 2, jicho la ndege linabaki na ukingo mweupe. Jicho lile nililichonga siku mbili, inaniuma kuliona hivyo.

Alama za kuoanishia (zinazoonyesha karatasi ikae wapi juu ya kila ubao), ya kona na ya ukingoni, nimezipima upya mara mbili, ziko sawa. Nashuku karatasi, maana nakala za mwanzo hukaa vizuri, zinazopotoka ni za mwisho ambazo zimeshaanza kukauka.

Je, mnafanyaje karatasi ibaki na unyevu uleule hadi rangi ya mwisho? Na je, nyuzi za mbao zote lazima zielekee upande mmoja? Ubao wangu mmoja umekatwa kinyume.

Nakala 20 zinasubiri, sijathubutu kuzigusa. Natanguliza shukrani.