Ukoo wa Vuga: gari ya Baba Mdogo

*Jumamosi*

Baba Mdogo: Assalaam aleikum wanangu. Gari imenitesa tena. Nimetoka Mombo vizuri, kabla ya kufika Soni ikaanza kulegea. Nakanyaga mafuta haiitiki. Hata fuso ya saruji imenipita.

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam. Pole kaka. Si juzi tu umebadilishiwa pampu?

Baba Mdogo: Pampu mpya, plagi mpya, filta mpya. Kila fundi anaondoka na chake. Huyu wa leo anasema masega ya ndani ya ekzosi yameziba, tuyakate.

Zuhura: Uza tu baba 😂 Corolla 110 ya 1997, imenizidi umri

Baba Mdogo: Nyamaza. Ndiyo iliyokupeleka shule.

Kaka Hamisi: Shikamoo baba mdogo. Usikate kitu kwanza. Ikilegea ukaipumzisha inakuwaje?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Naizima dakika kumi, nikiiwasha inapanda kama mpya. Kilomita mbili tatu, yaleyale.

Kaka Hamisi: Basi masega tuyaache. Yakiziba hayazibuki kwa kupumzika. Inakata ghafla, au inasinzia taratibu?

Baba Mdogo: Inasinzia. Inashtukashtuka kidogo, halafu inakuwa nzito.

Kaka Hamisi: Ingekata ghafla injini ikiwa ya moto ningeshuku koili ya cheche, iko ndani ya distributa. Hii ya kusinzia ni mafuta hayafiki. Ulishafungua mfuniko wa tenki palepale inapolegea? Ukisikia fyuuu, ujue tenki halipumui.

Baba Mdogo: Nimefungua leo. Kimya. Mfuniko wenyewe mpya, wa zamani Salimu aliusahau sheli.

Shangazi Mwanaidi: Samahani kuwakatisha. Mchango wa arobaini mwisho Jumatano, waliotoa mpaka sasa ni watatu tu.

Kaka Hamisi: Nitatuma shangazi. Baba mdogo, kesho nakuja Mombo na geji ya presha.

*Jumapili*

Kaka Hamisi: Tumeanza. Kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti nimeunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Taa ya cheki injini inapepesa harakaharaka, sawasawa, haikatiki. Kompyuta haijaandika kosa.

Zuhura: Kwa hiyo nzima?

Kaka Hamisi: Kompyuta ya gari hii haipimi presha ya mafuta, itajuaje? Ndiyo maana nimefunga geji kwenye paipu ya mafuta, mpira nimeutoa pembeni ya boneti, geji nimeibandika kwa selotepu nje ya kioo cha mbele. Baba mdogo anaendesha, mimi naisoma.

Shangazi Mwanaidi: Mungu awalinde na hayo mafuta yenu.

Kaka Hamisi: Tambarare presha PSI 40

Kaka Hamisi: Kilima cha kwanza 40, sawa kabisa

Kaka Hamisi: 30

Kaka Hamisi: 15. Imelala.

Kaka Hamisi: Tumeegesha, injini inaunguruma. Nimepima umeme unaokwenda kwenye pampu, volti 13 na ushei. Umeme unafika, pampu inazunguka, ila haipati cha kunyonya.

Baba Mdogo: Na mafuta yamo nusu tenki!

Kaka Hamisi: Nazima, naondoa kiti cha nyuma niifikie pampu. Mtu asivute sigara hapa.

Kaka Hamisi: 📷 Picha

Zuhura: Nini hicho kimevaa kilemba??

Kaka Hamisi: Chujio la pampu. Kilemba ni kipande cha rambo ya bluu, nimekikuta kimening'inia. Pampu ikinyonya, nailoni inajibandika kwenye chujio. Ukizima inaachia. Ndizo zile dakika kumi za baba mdogo. Na mlimani injini inataka mafuta mengi, ndiyo maana tambarare hukuona shida.

Baba Mdogo: Na aliyeweka pampu mpya hakuiona?

Kaka Hamisi: Alichomoa ya zamani, rambo ikabaki chini ya tenki. Hakumulika tochi.

Shangazi Mwanaidi: Rambo iliingiaje humo jamani?

Salimu: Shikamooni wazee. Ule mfuniko ulipopotea niliziba na rambo, siku mbili tu. Nilipoenda kujaza nikakuta imechanika. Nikajua kipande kimedondoka njiani.

Zuhura: Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, baba ameficha yake kwenye tenki 😂😂

Baba Mdogo: Salimu, tutaonana.

Kaka Hamisi: Nimeitoa, nimemulika pembe zote za tenki, chujio nimelisafisha.

*Saa moja baadaye*

Baba Mdogo: Tuko Lushoto. 40 njia nzima. Ile fuso tumeipita Soni.

Kaka Hamisi: Baba mdogo, pampu ya zamani usiitupe. Inawezekana kabisa ilikuwa nzima.

Baba Mdogo: Salimu ndiye aliyeichukua gereji. Salimu, umeiweka wapi?

Baba Mdogo: Salimu?

Zuhura: Yuko hewani, anaandika tangu dakika tano

Salimu: Shangazi, mchango wangu wa arobaini nimeshatuma