Naomba ushauri: kuunga bomba la kopa (shaba nyekundu) kwenye mita ya maji

Habari zenu wakuu, hasa mafundi bomba mliomo humu.

Nyumba ni ya zamani, ipo Tanga. Bomba la chuma kutoka kwenye mita kwenda jikoni limeliwa na kutu, maji ya asubuhi yanatoka rangi ya chai. Shemeji akanipa kopa ya milimita 15 iliyobaki kazini kwake, nikaona si haba.

Mita ni ya nusu inchi. Upande wa mamlaka hatugusi, una lakiri. Upande wangu fundi kafunga adapta ya kubana, ile yenye nati na kipete, na pale pamekauka kabisa. Shida ni nati ya mita yenyewe: tone linajikusanya chini yake, linaning'inia, linadondoka, lingine linaanza. Tumebadilisha washa ya mpira, tumezungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, tumekaza. Bado.

Sasa fundi anataka kuja na gesi achomee kwa risasi hapo hapo. Mimi naogopa moto karibu na mita, maana ndani ina plastiki, na ikiungua gharama ni yangu.

Naomba kujua:

Je, tepu inasaidia chochote kwenye nati inayobana washa, au bomba halijanyooka na mita ndiyo maana washa haikai sawa?

Pia, mbele bado kuna kipande cha chuma cha kwenda bafuni. Nikiweka kiungio cha brasi (shaba ya njano) kati yake na kopa, hicho kipande cha chuma kitasalimika na kutu?

Natanguliza shukrani.