Naomba ushauri: simulizi ya MH370, vipande vilivyopatikana nivitaje mapema?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina chaneli ndogo YouTube, nasimulia matukio ambayo hayajapata jibu. Inalipa kuliko nilivyotegemea, na sishangai: London hadi leo watu wanatoa hela kutembezwa usiku mitaa ya Whitechapel kwa ajili ya muuaji wa mwaka 1888 asiyejulikana. Angekamatwa, nani angekata tiketi?

Sasa naandaa MH370, ile ndege ya Malaysia iliyopotea Machi 8, 2014 na watu 239. Mwenzangu anayehariri anataka kichwa kiwe "Hakijaonekana hata kipande". Si kweli! Kipande cha bawa kiliokotwa Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, mwaka 2015, na mwaka uliofuata kingine kikapatikana kwetu Pemba, wachunguzi wakathibitisha ni cha ndege hiyohiyo. Kwangu Pemba ndiyo nyama yenyewe. Yeye anasema ukishataja vipande, mtu anajua ilianguka baharini, anafunga. Na kweli, nikianza kueleza ushahidi watazamaji huwa wanakimbia.

Halafu zile familia bado zipo, zinasubiri. Kuingiza matangazo katikati ya msiba wao kunanikera, ila kodi ya nyumba nayo haisubiri.

Wenye uzoefu wa kazi hii: Pemba niiweke mwanzo au mwisho? Na matangazo, niyazime kwa visa ambavyo ndugu wako hai, au najitesa bure? Tafadhali msiniambie nifuate moyo wangu.