Jaribio la Sally na Anne: mbona watoto wa miaka 5 wanakosea?

mwanachuo_saikolojia
Wakuu, naomba msaada. Nawapima watoto wa chekechea, miaka 3 hadi 5, kama wanaelewa kuwa mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Natumia wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kapuni, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Wengi wa miaka 5 wanaonyesha boksi badala ya kapu. Hawajaelewa, au ninapima vibaya?

mpima_makuzi
Jibu hilo peke yake halitoshi. Watafiti Baron-Cohen, Leslie na Frith (1985) kwenye jaribio hili waliuliza pia: gololi iko wapi sasa? Mwanzoni ilikuwa wapi? Na kabla ya yote walihakikisha mtoto anamjua Sally ni yupi. Akikosea mojawapo, hadithi imempita tu, kwa hiyo usimhesabu kuwa ameshindwa kujua Sally anawaza nini. Maswali hayo mawili yaje baada ya swali kuu. Ukitanguliza "iko wapi sasa", umeshamvutia kwenye boksi.

mama_mlezi_TZ
Mkuu, kagua na swali lenyewe. Mtoto mdogo huweza kulisikia kama "aende wapi ili aipate?" Siegal na Beattie (1991) waliuliza Sally ataangalia wapi *kwanza*, na watoto wa miaka 3 wakafanya vizuri zaidi. Jaribu "ataanza kutafuta wapi?", ila ukishachagua usibadilishe katikati, la sivyo matokeo hayalinganishiki. Halafu sehemu ni mbili tu: anayebahatisha hupata nusu. Mpe kila mtoto hadithi kadhaa, na kapu lihame kulia na kushoto.

mwanachuo_saikolojia
Asante sana. Mtoto akisitasita, nirudie swali?

mpima_makuzi
Akiwa hajajibu, rudia kwa maneno yale yale. Akishajibu, usirudie kamwe! Mtoto akiulizwa mara mbili na mtu mzima hudhani amekosea, anabadilisha.

kalamu_ya_utafiti
Mimi ningewaacha hao wanasesere. Avis na Harris (1991), kwa watoto wa jamii ya Baka nchini Kameruni, walitumia upishi wa kweli: mtu mzima anatayarisha kokwa za embe-mwitu, anatoka, mtoto anaombwa azihamishe kwenye chombo kingine. Kisha anatabiri mpishi atazitafuta wapi. Wengi wa watoto wakubwa, wa miaka 5 hivi, walipatia. Kwako karanga na sufuria mbili zenye vifuniko zinatosha. Anayetoka na anayeuliza wawe watu wawili tofauti, na mwalimu wa darasa asikae karibu, maana watoto humtazama usoni kabla ya kujibu.