Napenda sauti ya Fred Van Eps, je nimenunua banjo siyo?

Mpenzi_wa_Santuri
Wadau habari zenu, kuna kitu kinanikosesha raha naombeni msaada. Huu mwaka wa tatu namsikiliza Fred Van Eps, yule bwana wa New Jersey aliyezaliwa 1878 akafariki 1960, na kwakweli sijasikia mpiga banjo mwingine wa kunigusa kama yeye. Yaani ujana wake alijifunza kwa kusikiliza silinda za nta (rekodi za zamani kabla ya sahani) za Vess Ossman, mpiga banjo aliyemtangulia, akisikia anatafuta kwenye banjo yake mpaka anapata, halafu baadaye yeye ndo akaja kuwa wa kusikilizwa. Sasa mwezi uliopita nimenunua banjo yangu ya kwanza, nyuzi tano, ina lile sahani la mbao mgongoni, muuzaji akaniambia banjo ni banjo tu. Nikipiga inalia kwa ukali, chuma tupu, wakati ya Van Eps noti zinadondoka moja moja kama punje za mtama kwenye ungo, kavu halafu laini. Tatizo vidole vyangu au banjo?

Uzi_wa_Tano
Mkuu pole, na huyo aliyekwambia banjo ni banjo tu hakukutendea haki. Hiyo uliyonunua ni ya blugrasi, muziki wa nyuzi wa Marekani, ile ya kina Earl Scruggs, nyuzi za chuma, kucha za chuma vidoleni, na ndani ya duara kuna pete nzito ya chuma, na hilo sahani la nyuma linatupa sauti mbele ili isikike katikati ya fidla na magita. Ni banjo nzuri sana kwa kazi yake. Van Eps na Ossman wao walianza na nyuzi za utumbo wa mnyama, mgongo wazi, na wanapiga kwa vidole vitupu, dole gumba, cha kwanza na cha pili vinapokezana, kidole kidogo kimetulia juu ya ngozi ya banjo. Siku hizi watu wanafunga nailoni badala ya utumbo. Usiiuze hiyo banjo, fungua sahani la mgongoni, toa chuma weka nailoni, vua kucha. Ila nyuzi za chuma mwisho wake una kitanzi, nailoni haina kitanzi unafunga fundo mwenyewe pale mkiani, na mifereji ya daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi) itakuwa myembamba kwa nailoni kwahiyo tafuta daraja jepesi lenye mifereji mipana. Siku za kwanza zitalegea kila ukishika, usikate tamaa zinajinyoosha. Na uzi wa nne ushushe uwe noti ya C, wale wazee ndo walikuwa wanatyuni hivyo, sio D kama ya blugrasi.

Kinanda_cha_Kale
Naongezea hapo kwa Uzi_wa_Tano, asije akaona banjo nzee yoyote ya Uingereza akadhani ndo yenyewe. Kuna zither-banjo, ile aliyoitangaza Alfred Cammeyer kule London na mpiga banjo Olly Oakley akarekodi nayo sana. Ile inachanganya, nyuzi nyingine chuma nyingine utumbo, ngozi imekaa ndani ya bakuli la mbao, na uzi wa tano haufungwi ubavuni mwa shingo, unaingia kwenye kijibomba unapita chini ya freti (vile vyuma vya shingoni) mpaka kichwani. Inalia tamu lakini noti inabaki inaning'inia, sio ule ukavu unaoutaka. Tena banjo nzee iliyotengenezwa kwa utumbo usiifunge chuma, shingo itapinda, mi yangu moja imepinda hivyohivyo na hadi leo naiangalia roho inauma. Na zile banjo za aina ya tenor na plektramu ni nyuzi nne, za kucharaza, hizo weka pembeni.

Mzee_wa_Silinda
Mimi nataka kusema juu ya Van Eps mwenyewe maana naona tumekimbilia vifaa. Wakati ule hakuna maikrofoni, unapiga mbele ya pembe na sauti yenyewe ndo inasukuma sindano ikate nta, vyombo vingi vilikuwa vinapotea humo lakini banjo kila noti inaanza na mpasuko wa wazi kwahiyo ilikamatwa vizuri kuliko karibu vyote. Ndo maana tunamsikia hadi leo. Alikuwa fundi pia, akatengeneza banjo zake za kurekodia zenye tundu kwenye ngozi. Jazi ikaja na banjo za tenor, vidole vikawekwa kando, lakini miaka ya 1950 yule mzee ana zaidi ya miaka 70 akarekodi tena, nyuzi tano zilezile vidole vilevile. Sikilizeni hizo. Kasi ipo, ila mi nasikiliza zile nafasi katikati ya noti, hakuna inayomwagikia nyingine. Mwanae George ndiye yule wa gita la nyuzi saba.

Mpenzi_wa_Santuri
Asanteni sana wakubwa. Nimefunga nailoni juzi, nimesogeza daraja mpaka freti ya 12 imekaa katikati kabisa, na nimebana kitambaa kidogo cha sufi nyuma ya ngozi. Siku mbili nzima ilikuwa kutyuni tu. Jana usiku nikapiga mistari minne ya mwanzo taratibu, vidole vitupu, na noti ya tatu ikadondoka kavu vilevile kama yake, moja tu, nikairudia hiyohiyo mpaka saa saba.