Zuhura, kesho usiende kwanza

*Kikundi: Wana wa Bibi Mwanahawa*

19:04 Zuhura: Hamjambo wote. Naomba ushauri wa haraka. Kesho saa 3 asubuhi nina miadi ya kutolewa amalgamu zote nne, zile zibo nyeusi za meno. Ile sauti aliyoileta Kaka Idi mchana, inayosema zebaki ya meno hayo ndiyo inayotuletea uchovu, usahaulifu na maumivu ya viungo na tukayatoe, nimeisikiliza mara tatu, mpaka sasa chakula hakipiti.

19:05 Kaka Idi: Nenda dada. Nimeileta kwa sababu naogopa kwa ajili yenu. Yale meno yaliyozibwa kwa kitu cheusi yana zebaki ndani. Ni ileile ya kwenye kipimajoto.

19:06 Mama Zuhura: Jamani! Mimi ninayo sita, tangu nikiwa msichana. Na mimi nikayatoe?

19:07 Salma: Bibi yuko hapa nami, anasikiliza nikimsomea. Anasema jana jino lake lililozibwa zamani limemeguka. Kipande kimoja kikashuka tumboni, kingine amekifunga kwenye karatasi. Sasa ana hofu amekula sumu.

19:08 Rehema: Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama Mdogo. Zuhura, kesho usiende kwanza. Ndiyo natoka kazini, nipeni nusu saa.

19:09 Kaka Idi: Rehema, ninyi wa kliniki ya meno mtasema ni salama tu.

19:10 Rehema: Sitasema hivyo kaka. Nisubiri.

19:41 Rehema: Nimefika. Nianze na Bibi. Bibi, usiogope. Zebaki iliyomo kwenye kipande hicho imeshikamana na madini mengine, na ikimezwa tumbo karibu halinyonyi kitu. Kipande kitatoka chenyewe. Zebaki ya namna hii huingia mwilini hasa kwa kuvutwa puani ikiwa mvuke. Mapafu hunyonya karibu asilimia 80 ya mvuke huo. Shikeni neno hilo, mvuke, maana mengine yote yanatokana nalo.

19:42 Salma: Bibi anasema marahaba, na amepumua.

19:46 Rehema: Idi yuko sahihi kwenye jambo moja. Amalgamu karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Inachanganywa na unga wa fedha, bati na shaba, inakuwa uji mzito, daktari anaushindilia kwenye tundu, unashikana na kuwa mgumu. Baada ya hapo zebaki haitiririki kama ya kipimajoto. Lakini mvuke kidogo unaendelea kutoka miaka yote, hasa ukitafuna, ukinywa cha moto, au ukisaga meno usingizini. Asiyewaambia hili anawaficha.

19:47 Zuhura: Mimi nasaga meno. Mume wangu ananiamsha usiku kwa ule mlio.

19:48 Rehema: Hilo mwambie daktari, kuna kikinga meno cha kuvaa usiku. Na chingamu acha kabisa. Lakini Zuhura, haraka yote hii ya kesho ni ya nini? Meno yanauma? Yamemeguka?

19:53 Zuhura: Hayaumi. Yako mazima.

19:55 Zuhura: Nina mimba ya wiki 11. Nilitaka Mama aisikie kwanza kutoka kinywani mwangu. Nisamehe Mama. Ile sauti ilipofika pale inaposema zebaki inamfikia mtoto tumboni, nilishindwa kuvumilia.

19:56 Mama Zuhura: Mwanangu. Mwanangu. Hakuna cha kusamehe. Nitakupigia, ila kwanza msikilize dada yako.

19:57 Kaka Idi: Hongera dada. Sikujua.

20:03 Rehema: Hongera mdogo wangu. Basi nisikilize vizuri, kwa sababu hiyo mimba ndiyo inayonifanya nikuzuie. Ile sauti haikudanganya: mvuke wa zebaki ukishaingia kwenye damu unavuka kondo la nyuma. Sasa fikiria daktari anawasha mashine ya kuchimba juu ya amalgamu nne. Inapata moto, inasagika kuwa vumbi, mvuke unatoka kwa wingi katika dakika hizo kuliko ambavyo meno yako matulivu yangetoa kwa siku nyingi. Unakwenda kumwepusha mtoto na tone, unamfungulia bomba.

20:05 Rehema: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa ushauri Septemba 2020. Ilitaja watu ambao ni bora wasizibwe kwa amalgamu: wajawazito, wanaopanga kupata mimba, wanaonyonyesha, watoto, hasa walio chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya neva kama Parkinson, wenye figo dhaifu, na wenye mzio wa zebaki. Watu husambaza sehemu hiyo tu. Tangazo hilohilo linasema amalgamu iliyo nzima isitolewe, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu.

20:06 Zuhura: Kwa hiyo hizi nne zikae?

20:06 Rehema: Zikae. Ukipata tundu jipya ndipo ukatae amalgamu, uombe kitu kingine.

20:09 Kaka Idi: Sawa, lakini nijibu na hili. Kama zikikaa hazina neno, mbona Ulaya wamepiga marufuku? Hao nao waliogopa nini?

20:16 Rehema: Swali zuri na linastahili jibu. Umoja wa Ulaya ulianza Julai 2018 kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Januari 2025 ukaizuia kwa watu wote, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna njia nyingine kwa mgonjwa huyo. Norway na Sweden walitangulia zamani. Sababu kubwa ni maji. Mabaki ya amalgamu yakitoka kliniki kupitia bomba la maji machafu yanafika mitoni, vijidudu vya kwenye matope vinaigeuza zebaki kuwa aina nyingine kali zaidi, inaingia kwa samaki, na samaki analiwa. Aina hiyo ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata kule Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956, ila pale chanzo kilikuwa maji taka ya kiwanda. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki unaitwa wa Minamata. Sijaona sheria hata moja inayosema waliokwisha kuzibwa wakafukuliwe meno.

20:18 Kaka Idi: Nimeelewa. Lakini shemeji yangu alikuwa na vidonda vya shavuni miaka miwili. Alipotoa lile moja tu, vikapona. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

20:21 Rehema: Na mimi nakuamini. Wapo ambao mwili wao unaikataa, na ngozi laini inayogusana na jino lile inafanya vidonda au michirizi myeupe. Kwao kutoa ni tiba. Kilichomponya ni kwamba daktari aliangalia kidonda kiko wapi na jino liko wapi. Kusema uchovu, usahaulifu, maumivu ya viungo vya kila mtu vinatoka kwenye meno ni jambo jingine kabisa.

20:27 Rehema: Mwaka 2006 yalitoka majibu ya tafiti mbili, ya Marekani na ya Ureno. Watoto zaidi ya 1,000 kwa jumla, nusu walizibwa kwa amalgamu na nusu kwa zibo nyeupe isiyo na zebaki, wakafuatiliwa miaka 5 mpaka 7. Waliozibwa kwa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kwenye mkojo. Akili na kumbukumbu hazikutofautiana. Nayataja yote mawili kwa sababu kila upande huwa unachukua moja na kuliacha la pili.

20:31 Mama Zuhura: Na wewe mwenyewe mwanangu? Umekaa humo kliniki miaka 20.

20:40 Rehema: Mama Mdogo, sijawahi kuliandika hili. Kliniki niliyoanzia tulikuwa tunachanganya kwa mkono. Kinu kidogo cha kioo na mchi wake, zebaki inamiminwa kutoka chupani. Halafu tunaweka uji kwenye kipande cha kitambaa na kuukamua kwa vidole, zebaki ya ziada inachuruzika kiganjani. Hatukuwa na glavu siku nyingine. Dirisha lilikuwa halifunguki. Hakuna aliyetuambia kitu. Baadaye nilipopimwa mkojo, kiwango kilikuwa juu. Nilikohamia tunatumia kapsuli zilizofungwa, mashine inazitikisa, na kiwango kikashuka. Ukiniuliza nani wa kuonewa huruma kwanza kuhusu zebaki ya meno, nitakuambia wale wasichana wanaoshika kazi hiyo bila kuelezwa. Mgonjwa anakaa kitini nusu saa, wao wanashinda humo.

20:42 Mama Zuhura: Pole sana. Miaka yote hiyo na hukusema.

20:44 Salma: Dada, mwanangu wa miaka 5 ana tundu kwenye gego. Nikaombe nini?

20:47 Rehema: Omba simenti ya glasi ayonoma, au rezini nyeupe. Rezini inataka jino liwe kavu kabisa inapowekwa, na mtoto mwenye mate mengi asiyetulia inakuwa kazi. Kwa jino la utotoni mimi ningechagua ile simenti, inashika hata penye unyevu na inatoa floraidi. Haidumu kama amalgamu, lakini jino lenyewe litang'oka. Ila usichelewe. Tundu likifika kwenye mzizi ni usaha na homa.

20:49 Rehema: Na la Bibi lililomeguka itabidi litengenezwe. Salma, utakayemsindikiza, muulizeni daktari kabla hajaanza: ataweka mpira mwembamba wa kuzingira jino? Atamwagia maji muda wote anapochimba? Ana mashine yenye nguvu ya kunyonya? Na akate vipande vikubwa avitoe, asisage.

20:52 Zuhura: Nimewatumia ujumbe, miadi ya kesho nimeahirisha. Nitakwenda kwa ajili ya hicho kikinga cha usiku tu. Mama, nipigie sasa.

20:53 Kaka Idi: Ile sauti nimeifuta humu. Niliipeleka kwenye vikundi vingine vitatu, kimoja kina wajawazito wawili ninaowajua. Rehema, naomba ule ujumbe wako wa 20:03 niuweke huko na jina langu, niseme nilikosea.

20:54 Rehema: Weka kaka. Ongeza na ule wa 20:05.

20:58 Salma: Bibi anauliza, kile kipande cha kwenye karatasi atupe wapi?

20:59 Rehema: Asitupe jalalani na asikichome, kikipata moto kinatoa mvuke. Akitie kwenye kichupa chenye kifuniko, aende nacho siku ya miadi awakabidhi.